Mmoja Mbele, Mmoja Nyuma

Wasichana wa Al Qusais, ninyi mlioniaga kwa maandazi na vigelegele mpaka mlinzi wa jengo akaja kugonga mlango, mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nimesharudi Tanga. Nimepumzika, miguu imeanza kupungua uvimbe, na kisingizio sina tena. Ila msitarajie nitaje mshahara. Mshahara wa mtumishi wa ndani ni kama nguo yake ya ndani: kila mtu anajua anayo, hakuna haja ya kuianika barazani. Wala sitawasimulia nilivyopanda kutoka mfagiaji nikawa mpishi, kutoka mpishi nikawa msimamizi wa nyumba, maana kila nilipopanda ufagio ulinifuata.

Siku ya kwanza Dubai ofisi ya wakala ilinikabidhi kwa Madam katikati ya joto la Agosti, mimi nimevaa sweta. Mtu mmoja kwetu Ngamiani alinihakikishia kwamba kwa wazungu ni baridi. Tulipotoka nje nikaloa jasho mpaka kwenye soksi, nikamlaani mtu yule na ukoo wake. Tulipoingia kwenye gari la Madam, kiyoyozi kikanipiga, nikamwombea heri. Madam akanitazama nikivua sweta na kulivaa tena, akacheka. Nami nikacheka. Mtu akicheka na wewe siku ya kwanza, kazi imeshaanza vizuri.

Alikuwa Mwingereza, muuguzi kwa taaluma, mwanamke wa makamo mwenye haraka. Aliongoza shirika dogo la hisani lililofundisha wauguzi wa vijijini katika nchi za watu, kwa hiyo alikuwa mtu wa simu na ndege. Mumewe, Sir, alifanya kazi ya makontena bandari ya Jebel Ali. Sir alikuwa mtu wa kuuliza soksi zake ziko wapi. Nyumba yao ilikuwa Mirdif, upande wenye miti. Madam alijaribu kutamka jina langu, Mwanahamisi, mara mbili tatu, likamshinda, akalikata kichwa akabaki na Hamisi. Nilimweleza kwamba kwetu Hamisi ni mwanamume. Akasema samahani sana, na kesho yake akaniita Hamisi.

Kazi yenyewe alinifundisha Bi Zuhura. Wale mlioingia juzi hamkumkuta. Alikuwa Mzanzibari wa zile familia zilizohamia Dubai zamani, amehudumu nyumba za wakubwa mpaka magoti yakamkatalia, akawa anakaa kwa mwanawe Al Qusais. Ijumaa chumba chake kilitujaa sisi, Watanzania, Wakenya, Waganda, wanaotoka msikitini na wanaotoka kanisani, anatumiminia chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na kutukosoa. Alikagua kucha zetu. Alitufundisha kwamba kola ya shati hupigwa pasi kutoka nchani kwenda katikati, ukianza katikati unasukuma makunyanzi yote kwenye ncha, mahali bwana wa nyumba ndipo anapojitazama. Alitufundisha doa la manjano ya mchuzi halishindwi na sabuni bali na jua, na jua Dubai halijawahi kuadimika.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa kijiko. "Mwanangu, sikiliza miye," alisema, "mtumishi anayekwenda kama paka husikia yasiyokuwa yake. Na ukishayasikia utayapeleka wapi? Kabla hujafika mlangoni, kigonge kijiko kwenye kisahani. Mara mbili tu. Waache wamalize uongo wao." Nilifanya hivyo miaka yote. Kandambili zangu nazo nilizichagua zenye kelele. Kule kwetu tuna hodi, mimi nilikuwa na hodi ya kijiko, na nyumba nzima ilijua. Sir akiisikia alikuwa anashusha miguu kutoka mezani.

Nakato aliletwa baadaye kumtunza mama yake Sir, bibi kizee aliyekuja kumalizia siku zake kwa mwanawe. Nakato ni Mganda wa Masaka, mlokole, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini na mikono ambayo sijaona mfano wake. Alimgeuza yule bibi kitandani bila kumuumiza, alimlisha uji kwa subira, alimwimbia tenzi za Kiganda ambazo bibi haelewi neno, na jioni alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mtaani wapate upepo. Bibi alipofariki, Nakato na Madam walimwosha pamoja, wakalia wakipokezana taulo moja. Ndipo Madam alipomwambia, mimi nikiwepo, "Nakato, nyumba hii ni yako mpaka wewe mwenyewe uchoke." Nakato akaendelea kwetu kwa kazi ya kufua na pasi. Huko Masaka alikuwa na binti, Namuli, anayesomea uuguzi, amekaribia mwaka wa mwisho. Kila nguo aliyoipiga pasi Nakato ilikuwa inakwenda kwa Namuli kwa njia moja au nyingine.

Sasa niwape kisa chenyewe. Asubuhi moja nilikuwa nimedeki ukumbi, nikavua kandambili ili nisichafue. Nikarudi na ndoo, miguu mitupu, sina sinia, sina kijiko. Nikamkuta Madam ukumbini amevaa joho la kuogea la Sir, lile jekundu. Anatembea polepole kama bibi harusi. Anasimama. Anainamia kabati la vyombo. Anatembea tena, anasimama, analiinamia tena. Nikasema moyoni, khalas, keshaingiwa na jini, hapa atatafutwa mtu wa kusoma. Ndoo ikanitoka mkononi.

Madam akageuka, akawa mwekundu kuliko joho. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaniambia nikae kwenye kochi. Nikakaa kwenye ukingo, nusu ya makalio hewani. Akanieleza kwamba bunge la kwao lina mabaraza mawili. La chini watu wanapigiwa kura. La juu wanakaa malodi, na wengi wao siku hizi hawakurithi kiti, wanateuliwa. Yeye amehojiwa na kamati, kwa ajili ya mambo yake ya wauguzi, bila kuwa wa chama chochote, na ameambiwa ameteuliwa.

"Kwa miaka mingapi?" nikauliza.

"Kwa maisha."

"Na ukimuudhi Waziri Mkuu?"

"Ataudhika."

"Hakutengui?"

"Hawezi."

Nikamtazama kama anatania. Sisi tuliokua tukisikia kwenye taarifa ya habari fulani kateuliwa, na kabla nguo alizoapia hazijafuliwa tunasikia uteuzi wake umetenguliwa, jambo hilo lilinishinda. Nikamwambia hicho si cheo, hiyo ni ndoa ya Kikatoliki. Akacheka mpaka akashika mbavu. Nadhani alikuwa amebeba jambo hilo peke yake kwa muda mrefu, na Sir si mtu wa kuchekesha.

Basi nikawa mtu wake wa mazoezi. Aliniambia mteuliwa anachagua mahali pa kuambatanisha na jina lake, na yeye atachagua kijiji alichozaliwa, ambacho kina kanisa, daraja na mbwa wengi. Mimi nikajiita Mwanahamisi wa Ngamiani. Aliniambia siku ya kuingia atavaa joho jekundu lenye manyoya meupe, mbele atatangulia mzee mwenye fimbo nyeusi, naye atakiinamia kiti cha enzi kama alivyoliinamia kabati. Na kikubwa, mgeni haingii peke yake. Wawili walio ndani tayari wanakuja kumchukua, mmoja anatembea mbele yake, mmoja nyuma, yeye katikati.

"Wa mbele namwelewa," nikasema. "Anaonyesha njia. Wa nyuma wa nini?"

Akafikiri. "Labda nisikimbie."

Tukazunguka meza ya chakula, mimi mbele na kitambaa cha kufutia vumbi begani, yeye nyuma yangu na joho la Sir. Nyuma yake hapakuwa na mtu. "Hapo atakuwepo mwingine," alisema, "leo tumwachie nafasi yake." Kila mara akanikumbusha nipunguze mwendo. Hatua za mtumishi ni za haraka, zile za malodi zinataka mtu asiye na chungu jikoni.

Halafu akanipa masharti. Jambo hili ni siri mpaka litangazwe rasmi. Amesikia watu waliojisifu mapema na majina yao yakachomolewa. La pili ni hili: sheria ya kwao inataka anayeketi pale awe mkazi wa kwao, kodi yake ikatwe kule. Kwa hiyo yeye na Sir watarudi London, na nyumba ya Mirdif itafungwa. "Wewe utakuja na mimi," akasema. "Nimeshaulizia viza. Ila usimwambie mtu yeyote, Hamisi. Yeyote."

Nikaahidi. Na nisiwadanganye, nilifurahi vibaya. London! Mimi, mtoto wa Ngamiani! Ijumaa iliyofuata nikapanda metro mpaka Karama nikanunua koti zito la mtumba, la kijivu, nikalificha chini ya kitanda. Nilipokuwa peke yangu chumbani nilikuwa nalivaa nikijitazama kwenye kioo, jasho linanitoka.

Furaha ilikatika jikoni, siku mlango wa nyuma ulipofunguka akaingia Umm Khalid, jirani wa mkabala, mwanamke wa Kiimarati mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Mama yake mzazi alikuwa ameanguka, halali wala haamki bila mtu. Kwa miaka alikuwa anamwona Nakato akimsukuma bibi mtaani. "Namtaka huyu," akaniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye nauza. "Namtaka kabla ya Ramadhani. Ofisi wanataka kuniletea msichana mwingine, mimi nimesema ngoja. Akikubali, mimi kafeel wake, chumba chake, yalla, mambo yote mimi."

Ninyi mnajua, lakini huenda barua hii ikasomwa na asiyejua. Kafeel ndiye aliyeshika viza yako. Akiondoka nchini, viza inafutwa, nawe una siku chache za kupata mwingine au kupanda ndege. Na ukitaka kuhamia kwa kafeel mpya, wa zamani sharti aandike kwamba hana pingamizi. Kwa hiyo Nakato alihitaji vitu viwili: yeye kusema ndiyo, na Madam kusaini.

Nikamkuta kwenye chumba cha pasi. "Umm Khalid kakwambia?"

"Ameniambia, dada. Nimekataa."

"Umekataa?"

"Madam alisema hii nyumba ni yangu mpaka mimi mwenyewe nachoka. Mimi sijachoka." Akageuza shati, akaanza na kola, kutoka nchani. "Yule mama ni mzuri. Lakini mtu alilia na wewe, unamwacha vipi?"

Siku ile niliunguza vitunguu. Nilisimama jikoni namwona Nakato anakataa mlango ulio wazi kwa sababu ya nyumba ambayo mimi najua inafungwa. Kitakachotokea nilikijua chote. Uteuzi utatangazwa, atapewa siku zake, Umm Khalid atakuwa keshapewa msichana wa ofisi, na Nakato atarudi Masaka na sanduku. Namuli ataacha uuguzi amebakiza kidogo tu amalize. Ninyi mmeona wangapi hivyo?

Nikaenda kwa Madam kwanza. Niligonga kijiko, nikaingia, nikaweka chai, nikasema yote. Sikumwomba anifungue mdomo. Nilimwomba asaini tu, aseme anapunguza kazi.

Uso wake ukaingiwa na woga. "Siwezi sasa. Nikimwachia mmoja, majirani watauliza kwa nini. Mume wa Umm Khalid anakaa mezani na watu wa Sir. Subiri itangazwe, nitamtafutia Nakato mahali mimi mwenyewe."

"Itatangazwa lini?"

"Wiki hii. Au ijayo."

"Mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo, Madam."

"Orodha imekwama, Hamisi. Wanagombana nani apewe viti vingapi. Si mimi."

"Kiti chako ni cha maisha," nikasema. "Cha Nakato hakifiki Krismasi."

"Tafadhali," akasema, akageukia dirishani. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akiwa na hofu husema subiri. Nami sina jiwe la kumtupia. Nilikuwa na koti chini ya kitanda.

Nikasubiri. Nilisubiri mpaka Umm Khalid akaniambia ofisi imempa mpaka kesho kutwa. Watu husema amana haiozi, na ni kweli. Ila hii niliyopewa ilikuwa imemfungia mtu mwingine ndani, na mtu huyo anapiga pasi anaimba tenzi. Sikuona kitabu chochote kinachosema amana ya namna hiyo itunzwe.

Nikaingia chumba cha pasi asubuhi, nikafunga mlango. "Nakato, mkubalie Umm Khalid. Leo."

"Kwa nini?"

"Usiniulize."

Akaweka pasi wima. Akanitazama kutoka kandambili mpaka kilemba. "Dada Mwanahamisi. Wewe unataka chumba changu. Kile chenye dirisha."

Nilikaribia kucheka, maana ni kweli changu kilikuwa kinatazama mtambo wa kiyoyozi, na ni kweli nilikuwa nakitamani kile cha dirisha tangu zamani. Lakini machozi ndiyo yaliyokuja. Nikamwambia yote. Baraza, malodi, joho, kodi, London.

"Banange!" akasema. "Madam? Madam wetu huyu?" Kisha, "Na ile fimbo nyeusi ni ya kuchapa nani?" Akakaa juu ya kapu la nguo chafu. "Kwa hiyo alisema mpaka nichoke, na nyumba ndiyo imechoka."

"Hakujua wakati ule. Aliposema alimaanisha."

"Najua alimaanisha." Akafuta uso kwa foronya ya Sir. "Na wewe? Wewe umeahidi. Sasa umeniambia. Bado unaenda?"

Pasi ilikuwa imelala yenyewe kwenye shati, ikaacha alama ya kahawia mgongoni, na sote wawili tukaigundua kwa harufu.

Nikatengeneza chai ya Madam. Kijiko nilikigonga kwa nguvu siku hiyo. Nikaiweka mbele yake, nikasimama. "Madam, nimemwambia Nakato."

Hakuuliza nini. Aliweka kikombe chini. Halafu akasema, "Mwanahamisi." Jina zima, kichwa na mkia, halikumkwama popote. Miaka yote hiyo kumbe alikuwa analiweza akikasirika.

"Nilikuomba kitu kimoja."

"Ndiyo, Madam."

"Nilikuamini."

"Ndiyo, Madam."

"Ungenyamaza nisingejua. Kwa nini umekuja kuniambia?"

"Kwa sababu kesho nitakuletea chai tena."

Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni, nikatoka. Nikaingia stoo ya vyakula, nikajifungia na magunia ya mchele, nikalia kwa sauti ya ndani. Nililia kwa ajili ya London. Ndiyo, London, nisijifanye mtakatifu. Sir akafungua mlango, akaniona, akafikiri, akauliza kama nimeona soksi zake za bluu. Nikamwambia droo ya pili.

Asubuhi iliyofuata Madam alituita sote wawili mezani. Macho yake yalikuwa mekundu. Akamuuliza Nakato, "Kwa nini hukuniambia kwamba Umm Khalid amekutaka?"

"Wewe ulisema mpaka nichoke, Madam," Nakato akajibu. "Nilikuwa sijachoka."

Madam akafunika uso kwa mikono. Alipoifunua akaandika ile barua ya kutokuwa na pingamizi pale pale, akaisaini, akampa. Kisha akanigeukia mimi, na akatafuta maneno, na mimi nikayajua kabla hajayapata.

"London, Hamisi. Siwezi. Kule nyumba yangu itakuwa na siri za watu wengine, si zangu tu. Nahitaji mtu asiyepima lipi la kutoa na lipi la kuweka."

"Ningefanya tena, Madam."

"Najua," akasema. "Ndiyo sababu."

Hatukugombana. Nilimwelewa, na nadhani alinielewa, na hilo halikupunguza uchungu hata kidogo. Jioni hiyo nilitia chumvi mara mbili kwenye supu, kwa bahati mbaya, na wote wakainywa hivyo hivyo.

Siku ya Nakato kuhama ilikuwa alasiri, kesho yake Ramadhani inatarajiwa. Alikuwa na begi moja la magurudumu lenye gurudumu bovu. Vitu vyake vingine tulikwisha kuvitia kwenye pipa la kupeleka bandari ya Hamriya, viende nyumbani. Nikasema namsindikiza, ni kuvuka barabara tu. Nikatangulia kufungua geti. Nikasikia nyuma yetu mlango wa mbele unafunguka, mlango ambao sisi hatukuutumia, na Madam akatoka na sandali zake za bustanini. Akamfikia Nakato, akamnyang'anya begi.

"Madam, hapana, hapana, mimi nabeba."

"Wewe kaa katikati," Madam akasema. "Hamisi mbele. Polepole, Hamisi. Huna chungu jikoni."

Nakato hakuelewa. Mimi nilielewa. Nikanyoosha mgongo, nikaweka kanga sawa kichwani, nikatembea. Tulivuka mtaa ule wa Mirdif jua likiwaka, mimi mbele, Nakato katikati ameshika Biblia yake kwa mikono miwili, na nyuma Mwingereza mteule wa baraza la juu anaburuta begi la dobi, gurudumu linalia kwikwi kwikwi. Mtunza bustani wa jirani alizima mpira wa maji akasimama. Dereva wa nyumba ya pembeni akashusha kioo. Mfanyakazi aliyepeleka maji ya kunywa akaweka chupa chini. Madam aliwaona wote. Alijua wataulizana, na majibu yatafika mpaka mezani kwa Sir.

"Watauliza, Madam," nikasema bila kugeuka.

"Waulize," akajibu.

Kwenye geti la Umm Khalid nikabisha hodi kwa sauti ya Kitanga. Umm Khalid akafungua, akatutazama kwa zamu, akaona begi liko mkononi mwa nani. "Kheri inshallah," akasema, "leo nyote?" Madam akasimama wima, akainamisha kichwa kidogo, vilevile kama alivyoliinamia kabati, akamkabidhi begi. Kisha akamkumbatia Nakato pale barabarani, na wakalia tena, safari hii bila taulo.

Maneno yalienea, naam. Hakuna kilichomchomoa. Orodha ilitoka wakati wake, baada ya Idi, na jina lake limo pamoja na kile kijiji cha mbwa. Waliondoka. Mimi nikapata kafeel kwenye jiko la shule huko Al Qusais, ambako ninyi mlinikuta nikiwapigia kelele kuhusu vijiko. Koti lipo hapa Tanga, wajukuu wanalivaa wakicheza mzungu. Namuli alimaliza, yuko wodi ya wazazi, na mama yake ana picha yake ya sare ambayo lazima uitazame kabla hujapewa chai.

Siku Madam alipoingizwa barazani walirusha moja kwa moja. Nakato alinipigia simu nitoke kazini niende mbio, na tukakaa jikoni kwa Umm Khalid, simu ya Nakato imeegemezwa kwenye mtungi wa achari. Mzee wa fimbo nyeusi akatokea. Nikamwonyesha Nakato, akasema ni nyembamba kuliko alivyofikiri. Nyuma akaja mtu wa joho jekundu. Halafu Madam. Madam wetu! Katikati, mdogo, manyoya meupe mpaka shingoni, anatembea mwendo ule ule wa kuzunguka meza ya chakula. Nilijikuta nimesimama, nampunguzia mwendo kwa mkono. Na nyuma yake, ile nafasi tuliyoiacha wazi Mirdif, palikuwa na bwana mrefu wa joho, mikono yake mitupu, anatembea kwa madaha. Akasimama, akainama. Umm Khalid akapiga kigelegele cha Kiarabu, mimi nikapiga cha Kitanga.

Nakato hakupiga. Alisogeza uso karibu na simu, akamkagua yule wa nyuma kutoka juu mpaka chini, kwa jicho lile lile la Bi Zuhura la kukagua kucha.

"Huyu naye," akasema. "Hajambebea hata begi."